Jina la Penseli Kwenye Jalada

Ukitaka kuuza komiki ya zamani huko Marekani, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba uchafu unashusha bei. Na jina lako ni uchafu. Kuna kampuni inaitwa CGC, ilianza kazi mwaka 2000, ambayo hupokea komiki, huikagua kurasa na kingo, huipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukiifungua, alama imeenda. Kwa zile nakala adimu, tofauti ya nusu alama inaweza kuwa bei ya ploti. Kwa hivyo yule mtoto wa mwaka 1940 aliyeandika jina lake kwenye jalada ili ndugu yake asiseme ni yake, kwa hesabu ya soko, aliharibu mali.

Isipokuwa kama jina lake ni Larson.

Larson alikuwa kijana wa mji mdogo katika jimbo la Nebraska, mwishoni mwa miaka ya 1930. Duka alikonunua lilimwekea nakala zake kando, na ili zisichanganyike na za wengine, jina lake likaandikwa kwa penseli juu ya jalada. Miaka ikapita, komiki zikatoka nyumbani kwao, zikatapakaa sokoni. Wakusanyaji wakaanza kushtuka: hii ina “Larson”, na ile pia ina “Larson”, zote safi, zote za kipindi kimoja. Miaka ya 1990 mkusanyaji mmoja, wakili anayeitwa Jon Berk, akalifuata lile jina mpaka akampata mwenyewe, mtu mzima, hai. Leo penseli ileile ni sababu ya kuongeza bei. Lebo ya CGC inaitaja, na wanunuzi wanagombania.

Mimi hapo ndipo niliposimama. Penseli haijabadilika. Karatasi haijabadilika. Kilichotokea ni kwamba mtu mmoja aliuliza: huyu ni nani? Na jibu lilipopatikana, doa likawa cheti.

Mikusanyo ya namna hii wao wanaiita kwa neno wanalotumia kwa farasi na mbwa wa mbegu nzuri. Kwa Kiswahili ningesema nasaba. Komiki yenye nasaba ni ile ambayo unaweza kuifuata nyuma, mkono kwa mkono, hadi kwa mtoto aliyetoa senti 10 dukani. Kuna nasaba ya San Francisco, ya kijana Tom Reilly. Inasimuliwa kwamba alipoenda Vita vya Pili vya Dunia, wazazi wake waliendelea kumnunulia komiki ili azikute akirudi. Hakurudi. Kuna nasaba ya Okajima, komiki zilizokusanywa na msichana Mmarekani wa asili ya Kijapani miaka ileile ya vita, wakati Marekani iliwafungia kambini watu kama yeye wapatao 120,000, wengi wao raia wa nchi hiyohiyo. Waliruhusiwa kuingia na kile walichoweza kubeba kwa mikono. Jina la Okajima liko kwenye majalada. Ukifungiwa mahali ambapo hata kitanda si chako, nadhani unaandika jina lako kwenye kitu chochote kitakachokubali.

Kwenye lebo ya plastiki, hayo yote ni neno moja: “Okajima”. Halafu alama. Halafu bei.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, niliuza vitabu vyangu kwa jamaa wa inama, wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara tao, ukitaka kusoma kichwa cha kitabu lazima uiname. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaona jina langu na nambari ya usajili, akaniambia bila ubaya wowote: “Bosi, hii karatasi ya jina tutatoa. Mteja hapendi kitabu ya mtu.” Akaing'oa pale pale, taratibu, kama mtu anayetoa bei kwenye shati jipya. Sikumlaumu na bado simlaumu, ilikuwa biashara na nilihitaji doo ya nyumba. Lakini hiyo sentensi imenikaa. Kitabu cha mtu. Kwani kuna kitabu ambacho si cha mtu?

Sasa, kuna sababu ya maana ya kufuatilia umiliki, na sitaki kuidharau. Ukijua kitu kimepita wapi, ni vigumu kuuziwa feki au kitu cha wizi. Chukua nakala moja ya Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938 lililomleta Superman duniani. Mwigizaji Nicolas Cage aliinunua mwaka 1997 kwa dola 150,000. Januari 2000 ikaibwa nyumbani kwake. Mwaka 2011 ikaibuka kwenye stoo ya kukodi huko San Fernando Valley, California, ambayo vitu vyake vilikuwa vimeuzwa mnadani. Kwa kuwa historia yake ilijulikana, waliweza kusema kwa uhakika: ndiyo hii. Ikarudi kwa mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha ikauzwa kwa dola milioni 2.16, rekodi ya wakati huo.

Hapo utaona nasaba inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inatafuta haki, na inapandisha bei. Shida ni kwamba kazi ya pili ina mshahara na ya kwanza haina. Ndiyo maana watafiti wa nasaba ni hodari sana wa kuuliza komiki ilikaa wapi, kwenye kabati la mbao gani, unyevu wa hewa ulikuwaje, na mara chache sana utawasikia wakiuliza yule aliyeiachilia aliondoka na nini.

Nasaba maarufu kuliko zote ni ya Edgar Church. Mzee huyu wa Colorado alikuwa mchoraji wa matangazo, mengine ya kitabu cha simu. Kuanzia miaka ya 1930 alinunua komiki akaziweka mrundo juu ya mrundo ndani ya nyumba, gizani, kwenye hewa kavu ya kule milimani. Karatasi zikabaki nyeupe kama zilitoka kiwandani jana. Mwaka 1977, Church akiwa mzee na mgonjwa lakini bado hai, familia ilitaka kuondoa vitu nyumbani. Simu ikamfikia mchuuzi wa komiki, Chuck Rozanski, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu. Hesabu inayotajwa ni kati ya komiki 18,000 na 22,000. Alilipa kidogo mno ukilinganisha na alichokuja kupata, na yeye mwenyewe hajawahi kuficha hilo, amelisimulia kwa kirefu na kwa miaka mingi. Alijua alichokuwa anakiangalia. Wao hawakujua.

Je, alitakiwa kuwaambia?

Swali hili si geni. Cicero wa Roma aliliuliza kabla ya Kristo kuzaliwa. Mfanyabiashara anafika kisiwa cha Rhodes na nafaka kutoka Alexandria, Rhodes kuna njaa, bei iko juu. Yeye peke yake anajua kuwa nyuma yake baharini kuna meli nyingine zinakuja na nafaka. Aseme, au auze kwanza? Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili, mtu na mwalimu wake. Diogenes wa Babiloni anasema muuzaji hadanganyi mtu kwa kunyamaza. Kuuza ni kuuza, si kutoa hotuba. Antipater anasema hapana, kumficha mwenzako jambo ambalo lingemsaidia, ili wewe ufaidike, ni kuvunja ule udugu unaofanya watu wawe watu. Cicero alikuwa upande wa Antipater.

Mimi mtoto wa Nairobi nina huruma kidogo kwa Diogenes. Ukifungua belo la mitumba Gikomba ukakuta jaketi la ngozi la maana, utampigia simu aliyelitoa sadaka kule Ujerumani? Jicho la kutambua kitu ni kazi, na kazi hulipwa. Tena Rozanski hakugonga mlango wa mtu, aliitwa. Komiki nyingi za umri ule ziliishia kwenye mapipa, au kwenye makusanyo ya karatasi chakavu wakati wa vita, watoto wakizipeleka wenyewe kwa moyo wa uzalendo. Za Church zilipona kwa sababu mtu alizitambua.

Kwa hivyo kununua kwa bei ya chini si tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni kilichofuata. Jina la Church likageuka chapa. Tangu siku ile, kila nakala iliyotoka kwenye nyumba ile inauzwa kwa bei ya juu kwa sababu ni ya Church, na inaongezeka kila inapobadilisha mkono, na hakuna shilingi inayorudi kule jina lilikotoka. Angalau mzee wa inama aling'oa jina langu. Halikumfanyia kazi yoyote. La Church linafanya kazi kila mnada, bila likizo. Kumficha mtu habari siku moja ni jambo moja. Kutumia jina lake miaka hamsini ni lingine, na hapo sidhani hata Diogenes angepata la kusema haraka.

Na Church mwenyewe alikuwa mnunuzi tu. Ukirudi nyuma zaidi, kabla ya duka, kabla ya mtambo wa kuchapa, unakutana na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwezi Machi 1938 walipokea cheki ya dola 412 kwa kazi mbalimbali. Ndani yake, dola 130 zilikuwa za Superman, haki zote, milele. Majina yao kwenye cheki yalikosewa herufi, ikabidi wasaini nyuma mara mbili, kwa majina yaliyokosewa na kwa majina yao. Walihangaika mahakamani bila mafanikio makubwa. Mwaka 1975, baada ya kelele nyingi hadharani, Siegel akiwa hana kitu na Shuster akiwa karibu kupofuka, kampuni ikakubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi.

Mwaka 2012, wote wawili wakiwa wamekufa, ile cheki yenyewe iliuzwa mnadani. Ilienda kwa dola 160,000. Karatasi inayothibitisha kwamba walilipwa kidogo ikalipiwa zaidi ya mara elfu moja ya walicholipwa kwa Superman.

Kuna rafiki yangu aliyesoma rasimu ya makala haya akaniuliza, sasa haya yanatuhusu nini sisi, mambo ya wazungu na plastiki zao. Nikamkumbusha vigango. Zile nguzo za mbao ambazo Wamijikenda husimika kwa ajili ya wazee waliofariki ziliibwa kwa wingi hapa pwani, zikauzwa kwa watalii na wachuuzi wa sanaa, zikaishia kwenye nyumba na makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia ya Kalume Mwakiru, kwa sababu mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga mzee huyo picha mwaka 1985 akiwa kando ya nguzo zake, kabla hazijaibwa. Picha moja ikafunga mnyororo. Baadaye makumbusho ya Denver yakarudisha vingine 30. Denver, huko huko Colorado.

Kesi hizi mbili hazilingani, najua. Kigango hakikuwa bidhaa hata siku moja, komiki ilizaliwa na bei juu ya jalada. Kigango kikipatikana kinarudi. Komiki ya Church hairudi popote, na sisemi irudi. Lakini kufuatilia umiliki wa kigango kulikuwa na mwisho: mtu alisubiri upande ule mwingine. Ufuatiliaji wa komiki unafika kwa mtu, unamsalimia, unaandika jina lake, unageuka na kwenda mnadani.

Kuna njia ya katikati, tena iko kwenye vitabu vya sheria vya hapa nyumbani. Mabadiliko ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yanasema mchoro halisi wa msanii ukiuzwa tena kibiashara, msanii apate asilimia 5. Uingereza wana kitu kinachofanana na hicho tangu 2006. Haigusi komiki iliyochapishwa nakala laki mbili, wala haimgusi mzee aliyezitunza kabatini, lakini inakubali wazo ambalo soko la nasaba halitaki kulisikia: kwamba kitu kinaweza kuwa chako kihalali, umelipa, una risiti, na bado kukawa na mtu mwingine ndani yake.

Wakusanyaji tayari wana orodha nzuri sana za nani alifuata nani. Mimi ningewaomba waongeze safu moja ya pesa. Siegel na Shuster, dola 130, wagawane. Mtoto wa kwanza, alitoa senti 10. Tom Reilly, sifuri. Msichana wa kambini, waandike kiasi alichopata. Familia ya Church, kiasi fulani kwa rundo zima. Mwizi wa mwaka 2000, naye aandikwe. Kisha mnunuzi wa Action Comics namba 1 mnamo 2024, dola milioni 6. Safu hiyo ichapishwe kwenye lebo, upande wa mbele, chini ya alama.