Starehe ya Gari Kuukuu: Haja, Pambo au Israfu?

Kulainisha mwendo wa gari kuukuu la njia mbovu ni kazi ya fundi, lakini ndani yake mna swali la dini: fedha inayotolewa ili mwili usitikiswe safarini ni matumizi yenye haki, au ni israfu? Katika Mji wa Kale wa Mombasa swali hili lina mashiko, kwa kuwa Land Rover na Land Cruiser za miaka mingi bado hutumika kufikia njia za vumbi za Kwale na Kilifi, na gari moja hubeba leo magunia, kesho jamaa.

Kurani haikuiacha safari bila neno. Sura ya An-Nahl inawataja wanyama wanaobeba mizigo hadi miji ambayo watu wasingeifikia ila kwa kujitaabisha, kisha inataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na pia ni pambo. Kupunguziwa taabu ya njia, basi, ni neema, na hata uzuri wa kipando haukukatazwa. Upande wa pili, sura ya Al-Israa inawakemea wafujaji, na Al-Furqan inawasifu wanaotoa bila israfu wala ubakhili. Kwa hiyo uhalali wa starehe hauna ubishi. Kinachobaki ni kujua kiasi chake, na kujua ni nani anayeipata.

Kipimo cha kiasi kimo katika elimu ya misingi ya fiqhi. Imamu al-Juwayni, aliyefariki 1085, na mwanafunzi wake al-Ghazali, aliyefariki 1111, wote wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, waliyapanga maslahi ya watu kwa daraja. Al-Ghazali katika Al-Mustasfa anataja tatu: dharura, ambayo ikikosekana uhai, dini, akili, kizazi au mali huangamia, haja, ambayo ikikosekana watu huishi kwa dhiki, na tahsini, yaani pambo na ukamilifu. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliupanua mpango huo na kusisitiza kuwa daraja ya chini haipewi nafasi ya kuivunja ya juu.

Gari lenyewe linaonyesha jinsi daraja hizi zinavyofanya kazi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hukaa juu ya springi za mabapa ya chuma yaliyolaliana, mbele na nyuma. Zimeundwa kustahimili mzigo, hivyo gari likiwa tupu hurukaruka. Hewa ya chumvi ya kisiwani huzidisha tatizo: kutu huingia baina ya bapa na bapa, mabapa yakashikana na kuacha kuteleza, na kila tuta likapanda moja kwa moja hadi kwenye chasisi. Bushi za mpira hukauka na kupasuka; shokabzoba huvuja mafuta na kushindwa kutuliza mruko. Anayeumia zaidi ni aliyeketi kwenye benchi la nyuma, ubavu ukielekea mbele, juu ya ekseli. Mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtikiso wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na mgongo ndio unaolipa.

Bapa kuu lililopasuka au chasisi iliyoliwa na kutu ni jambo la dharura, kwani roho za watu zimo hatarini. Kuahirisha matengenezo hayo ili kununua viti vya ngozi ni kugeuza daraja. Katika haja huingia kupima upepo wa tairi na kuurekebisha kulingana na mzigo, kuzifungua springi, kuzisugua kutu na kuzitia grisi, kubadilisha bushi na shokabzoba, na kuweka godoro zuri kwenye benchi. Kazi hizi ni za gharama nafuu ukilinganisha na zile zinazofuata, na ndizo huleta sehemu kubwa ya nafuu. Springi za mabapa machache yaliyokonda kuelekea ncha, ambazo msuguano wake ni mdogo, huwa haja kwa gari linalobeba watu kila siku, na pambo kwa linalotoka mara chache.

Kuna hoja ya zuhudi: mwili uzoee taabu, kwa maana ulaini huidhoofisha nafsi. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini mpaka wake ni mwili wa anayeichagua. Mtu anaweza kuwa zahidi kwa mgongo wake mwenyewe, hawezi kuwa zahidi kwa mgongo wa mama mjamzito au mzee anayepelekwa hospitali. Kwao inatumika kanuni ya fiqhi kwamba madhara huondolewa, na mwenye gari anayeweza kuyaondoa kwa gharama ndogo hana udhuru wa kujisifu kwa ugumu wa kipando chake.

Mpaka wa pili ni haki ya mzigo. Springi ikilainishwa kwa kupunguzwa mabapa, kisha gari likajazwa magunia, ekseli hugonga kizuizi, usukani hulegea na breki hukosa utulivu. Starehe ya siku moja imenunuliwa kwa hatari ya siku nyingine. Mpaka wa tatu ni haki ya njia. Kuliinua gari na kulivika matairi makubwa hupandisha kitovu cha uzito, huongeza uwezekano wa kupinduka, na humficha dereva mtoto aliye karibu na bampa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambamo mikokoteni, tuktuk na waenda kwa miguu hugawana nafasi, madhara hayo humwangukia jirani.

Matengenezo ya namna hiyo mara nyingi ni ya kuonekana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani kuchukua elimu ya kisasa yenye manufaa na kuacha kuiga kwa upofu. Kipimo hicho kinafaa hapa pia: kifaa kipya huhukumiwa kwa faida yake, wala si kwa ugeni wala umaarufu wake.

Hukumu, basi, haitolewi kwa kuangalia bei ya kipuri peke yake. Shilingi zilezile ni haja katika gari la abiria, pambo katika gari la matembezi, na israfu zinapotolewa huku bapa kuu limepasuka, huku mtu wa nyumbani ananyimwa matumizi yake, au huku jirani anatiwa hatarini. Mwenye gari anayeanza na usalama, akafuatia dhiki ya abiria, kisha akalipamba kwa kilichobaki, ametumia mali yake kwa haki.