Msisubiri Mpaka Ashike Panga

Wanangu, nimechoka kuitwa kwenye vikao vya mtaa kuwajadili vijana wa magenge ya Panya Road wakati watu wameshakatwa mapanga. Kila mara maneno ni yaleyale: ulinzi shirikishi urudi, polisi waongezwe, watoto hawa wafungwe. Nauliza, wala sijibiwi: mmoja wao alipoanza utoro darasa la nne, nani alikwenda kwao?

Mtoro huyo mnamwona kila siku. Saa nne asubuhi yuko kwenye mzani wa chuma chakavu, shati la shule kalikunja ndani ya kiroba, juu yake vipande vya nondo. Mnunuzi anapima, anampa mia tano, hamuulizi kavitoa wapi. Wiki ya pili kiroba kinakuja na koki ya bomba la jirani na sufuria ambayo bado ina masizi mabichi. Analipwa vilevile. Wizi kafundishwa hapo, mchana kweupe, na aliyemfundisha ni mtu mzima mwenye watoto wake, nasi tunapita tukimsalimia.

Wapo wanaosema atishwe kidogo, alale selo usiku mmoja. Wamarekani walilijaribu hilo. Miaka ya 1970 vijana walipelekwa gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa vifungo virefu. Watafiti walipokuja kupima mipango ya namna hiyo, wakakuta vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa.

Hukohuko Marekani, mjini Ypsilanti, kuanzia 1962 watu walianza mapema. Watoto 123 wa familia maskini za Weusi, wa miaka mitatu na minne, waligawanywa makundi mawili. 58 walisoma shule ya awali nzuri, na kila wiki mwalimu alifika nyumbani, akaketi na mama na mtoto. Wenzao 65 hawakupata hayo. Walipofika miaka 40, asilimia 55 ya wale waliokosa walikuwa wamekamatwa mara tano au zaidi. Kwa waliopata ilikuwa 36. Siwadanganyi kwamba uhalifu ulikwisha. Ila hiyo tofauti ni ya watu, kila mmoja na mama yake.

Nasi hatukosi pa kuanzia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kuwa mtoto ametelekezwa atoe taarifa serikali ya mtaa. Mara ngapi tumefanya hivyo?

Basi, mwalimu, mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mpelekee mwenyekiti wa mtaa jina lake. Mwenyekiti, nenda na mjumbe nyumbani kwao, muulize mama kama usiku walikula, na mkiona mambo yamewazidi, mwiteni afisa ustawi wa jamii wa kata. Nawe mwanangu mwenye mzani, nakuomba kwa heshima zote: kuanzia kesho, usipime mzigo wa mtoto.