Nani Alikosea?

Mtaani kwetu Umoja, mtu akipatikana na kansa, swali la kwanza haliwi "atatibiwa wapi?" Huwa ni "alifanya nini?" Alikuwa anavuta? Alikula nyama choma kila wikendi? Alipikia mkaa ndani ya nyumba? Ama kuna mtu alimdhulumu shamba ushago, na sasa amefanyiwa kitu? Mhubiri ana jibu lake, muuza miti shamba ana lake, na kundi la WhatsApp la ploti lina kumi kabla ya saa nne asubuhi. Wanabishana kuhusu kosa ni lipi. Hakuna anayeuliza kama kosa lipo.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kuna somo moja la baolojia ambalo halijawahi kunitoka kichwani. Mwili wako una seli trilioni 30 hivi. Ndani ya seli kuna maandishi ya urithi, DNA, herufi kama bilioni 3 kutoka kwa mama na nyingine kama hizo kutoka kwa baba. Kila seli inapogawanyika, lazima inakili yote. Mwili una wahariri wake, na karibu makosa yote hurekebishwa. Machache hupita. Mengi ya hayo hayadhuru chochote. Shida ni pale kosa linapoangukia jeni zinazoiambia seli igawanyike lini na ikome lini.

Kuna jeni za kukanyaga mafuta na kuna jeni za breki. Iitwayo TP53 ni breki, na imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Kwa kawaida kosa moja halitoshi. Matatu yenye breki mbovu inaweza kufika Donholm salama kama dereva anaenda polepole. Ni mpaka makosa kadhaa yakutane kwenye seli moja, mara nyingi baada ya miaka mingi, ndipo inaanza kuzaana bila kusikia la mtu. Haina ubaya moyoni, kwa sababu haina moyo. Inafuata maandishi yaliyokosewa.

Sasa chukua mtoto. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Leo unaitwa kwa jina lake, na hapa Kenya unajulikana zaidi pande za Ziwa na Pwani. Ndani ya seli nyeupe ya damu, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na nyingine, mara nyingi ya 14. Jeni moja ya mafuta, MYC, inajikuta imehamia pale seli inapotengenezea kingamwili, mahali ambapo kazi hailali. Mguu umekwama kwenye mafuta. Niambie, mtoto wa miaka sita alikosea wapi?

Lakini hadithi haiishii kwenye bahati mbaya. Uvimbe huu unaifuata malaria. Malaria inayorudi kila mara huzifanya seli hizo zigawanyike bila kupumzika, zikiwa pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kutoka kwa sampuli za Uganda. Kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kukosea. Kosa lenyewe ni bahati. Ni mara ngapi bahati inajaribiwa, hiyo si bahati. Hiyo ni habari ya mbu, chandarua, kliniki iliyo karibu au mbali.

Kwa hivyo kuna maswali mawili, na sisi huyachanganya. "Kwa nini yeye?" mara nyingi halina jibu. "Kwa nini wengi hivi, na kwa nini hapa?" lina majibu. Tunapenda lile la kwanza kwa sababu linatutuliza. Kama jirani alikosea, basi mimi ambaye sikukosea niko salama. Lawama ni bima ya bure.

Ila kuna anayeilipia. Mama mmoja wa ploti yetu alipopatikana na saratani ya mlango wa kizazi, nilisikia pale kwa mama mboga, "Si unajua vile alikuwa akitembea zamani." Ukweli ni kwamba kirusi cha HPV hukutana na karibu kila mtu anayefanya ngono, hata aliye na mume mmoja maisha yake yote. Kwa walio wengi mwili hukifukuza. Kwa wachache hubaki na kuzima breki za seli. Yule mama alificha kuvuja damu miezi mingi akiogopa midomo yetu. Midomo yetu ilimchelewesha.

Utaniuliza, basi nivute tu sigara, kila kitu si ni bahati? Hapana. Moshi huharibu DNA, na anayeacha anapunguza nafasi za makosa. Lakini kumwambia mtu aache kuvuta ni tofauti na kumwambia mgonjwa alistahili.

Halafu kuna moshi usiouvuta kwa hiari. Mwaka 2013, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliweka hewa chafu ya nje kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga. Siwezi kukuonyesha mgonjwa mmoja wa Korogocho niseme huyu ni wa moshi ule; seli haiandiki jina la aliyeiharibu. Na hapo ndipo wakubwa hujificha. Lakini aliyeacha dadu zirushwe mara nyingi zaidi juu ya vichwa vya watoto wa Eastlands ana la kujibu, hata kama hatutajua ni ipi ilimwangukia nani.

Mchango mwingine ukiingia kwenye simu, tuma ulicho nacho, na alichokula mwachie. Kama una dada wa miaka kumi, mpeleke akapate chanjo ya HPV. Serikali ilianza kuitoa bure Oktoba 2019. Na lile swali la "alifanya nini?" liweke. Muulize MCA akija kuomba kura.