Kifua cha Gazetini



Tumezoea kuwaonya binti zetu juu ya magazeti ya urembo, kwa maana tunajua yanavyoweza kumfanya msichana auchukie uso wake. Wana wetu wa kiume hatuwaambii lolote, tukidhani mwanamume hana shughuli na kioo. Anayo, tena kubwa. Wapo vijana wanaoona haya kuvua shati kwa sababu kifua chao hakifanani na kile cha gazetini, na haya hiyo wanaingia nayo katika ndoa. Taa huzimwa upesi, mke akimgusa mumewe mume hujikunyata, na mke hubaki akijiuliza amekosa nini.

Haya hii haikuzuka yenyewe. Mwaka 1899, huko Marekani, Bernarr Macfadden alianzisha gazeti la Physical Culture, lililofundisha kwamba udhaifu wa mwili ni sawa na uhalifu. Hebu lifikirie neno hilo! Baadaye Charles Atlas, mhamiaji kutoka Italia, akauza masomo ya mazoezi kwa njia ya posta. Tangazo lake mashuhuri lilikuwa hadithi ya picha: kijana mwembamba yuko ufuoni na msichana wake, mwanamume mwenye nguvu anamrushia mchanga usoni, naye hawezi kujitetea. Anakwenda nyumbani, anafanya mazoezi, anarudi na misuli, anampiga yule mchokozi, na msichana anamtazama kwa macho mapya. Magazeti yaliyofuata, kama vile Men's Health lililoanza miaka ya 1980, yana picha nzuri zaidi, ila biashara ni ileile: kwanza mtie mtu aibu, kisha muuzie dawa yake. Hata sasa ambapo vijana wengi hawanunui tena gazeti, picha za namna hiyo zinawafuata kwenye simu.

Ndani ya tangazo lile mna jambo linalotuhusu sisi wa ukurasa huu, yaani madai kwamba msichana ndiye anayeitaka misuli. Je, ni kweli? Mwaka 2000 daktari Harrison Pope na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa kiume wa Austria, Ufaransa na Marekani. Waliwaonyesha picha za miili, wakawaomba wachague. Vijana walitamani mwili unaowazidi misuli kwa kilo 13 hivi, na wakakisia kwamba wanawake wanataka kilo 14 zaidi. Lakini wanawake walipoulizwa, walichagua mwili wa mwanamume wa kawaida. Mwaka 2005 wachunguzi wengine wa Marekani walilinganisha magazeti, wakakuta kwamba wanaume wa katika magazeti ya wanaume wana misuli mingi kuliko wale wa katika magazeti ya wanawake. Maana yake, kijana, mwili ule umetengenezwa kwa ajili ya macho ya wanaume. Mchumba wako hakuuomba.

Tena pengine si mwili wa mtu yeyote. Mwaka 2007 gazeti la Men's Fitness lilimweka Andy Roddick, mchezaji wa tenisi, kwenye jalada, mikono yake ikiwa imenenepeshwa kwa kompyuta. Mwenyewe alilifanyia mzaha hadharani. Mtu aliyeshinda US Open mwaka 2003 hakutosha!

Sisemi mazoezi ni mabaya. Daktari akikuambia upunguze tumbo, mtii. Baba zetu walipata mabega mapana kwa jembe na magunia, wala hakuna aliyeyapima kwa utepe. Swali ni hili: mwili unautunza kwa ajili ya nani? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba katika ndoa mwili wa mume uko chini ya mamlaka ya mkewe, kama ule wa mke ulivyo chini ya mumewe. (Wanaume hupenda kuikumbuka nusu ya pili tu.) Mume anayechungulia kila mara kama anasifiwa bado hajajitoa kwa mkewe. Amemgeuza kuwa kioo, na mke huchoka kuwa kioo.

Liko zito zaidi. Wengine huanza na vyuma, wakaishia kwenye sindano na vidonge vya homoni za kujenga misuli. Homoni hizo, zikitumiwa ovyo, huufanya mwili uache kutengeneza za kwake. Korodani husinyaa, na mbegu za kiume hupungua au hata kukoma. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, lakini huenda ikachukua miezi mingi, na kwa baadhi zaidi ya mwaka.

Kama umezitumia, utaniuliza: nimwambie mchumba, na huenda nitapona? Mwambie. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema utasa hauizuii ndoa wala kuibatilisha. Lakini kanuni hiyohiyo yatuelekeza kwenye ile ya 1098, inayomhusu mtu aliyehadaiwa ili akubali kuolewa au kuoa. Mchumba wako anaweza kukupokea pamoja na shida yako, na wengi hupokea. Asilolijua hawezi kulipokea. Nendeni kwa daktari pamoja, kabla tangazo la kwanza la ndoa yenu halijasomwa kanisani.