Mama Naye Afundishwe

Tukitaja hedhi hapa Kenya, mawazo yetu hukimbilia msichana wa shule. Si ajabu. Mwaka 2004 serikali iliondoa kodi kwenye sodo, na mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikafanyiwa marekebisho ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Sodo hizo hazifiki kila mara, na zikifika mara nyingi hazitoshi. Lakini walau msichana huyo anajulikana, na anayemtetea ana sheria ya kushika mkononi.

Mama yake je? Sera ya kitaifa ya usafi wa hedhi, ya 2019 hadi 2030, inamkumbuka kwa maandishi. Huku mashambani sijaona dalili kwamba kuna mtu anamkumbuka kwa vitendo. Mwanamke hupata hedhi kwa miaka 35 au zaidi, na shule humkuta katika michache tu ya hiyo. Iliyobaki anaimaliza kwenye majani chai ya Runyenjes, akiwa na kikapu mgongoni tangu alfajiri katika shamba lisilo na choo, au kwenye njia za vumbi za Mbeere akisaka maji.

Jirani yangu mmoja wa Embu alikuwa hakosi mawe ya odowa kwenye mkoba. Yale mawe meupe yanayouzwa sokoni karibu na ndizi na viazi, ukiyatafuna yanalia kama chaki. Aliyala asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Tulidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyopenda njugu. Kumbe kila mwezi alikuwa akitokwa na damu siku kumi na zaidi, mabonge kwa mabonge, na mwili uliokuwa ukiishiwa madini ya chuma ndio uliokuwa ukidai udongo. Akipanda mlima kidogo anahema, kucha zake zilikuwa nyeupe, na bado aliendelea kulima. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hedhi ina kipimo chake.

Nilimsikiliza muuguzi akiwauliza akina mama wa chama chetu, baada ya mkutano kanisani, ni siku ngapi za damu zinazopaswa kumpeleka mtu hospitalini. Kimya kilitanda. Kisha mama mmoja mzee akajibu kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya mwanamke. Unavumilia tu." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Muuguzi akawaeleza pole pole: mzunguko wa kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida, damu ikizidi siku saba, au ikilowesha sodo nzima kila saa moja au mbili, mfululizo, hapo ni hospitali. Sodo au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama hakijajaa. Wengine walikuwa wamezaa watoto watano na hayo ndiyo kwanza wanayasikia.

Sisi wa Meru na Embu hatukuwa hivi zamani. Msichana alifundishwa na wanawake waliomtangulia mambo ya mwili wake na ya nyumba yake, ila mafunzo hayo yalifungwa pamoja na kisu. Ukeketaji umeua na kulemaza, na sitaki urudi hata siku moja. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipoupiga marufuku kwa ushirikiano na wakoloni, maelfu ya wasichana walijikeketa wenyewe kwa ukaidi. Watu waliwaona kama wajinga tu. Mimi naona pia kwamba amri ya wanaume ilifuta sherehe bila kuweka darasa mahali pake. Hata kisu kilipoanza kuachwa, mazungumzo nayo yaliachwa, na bibi zetu na mama zetu wakabaki na aibu peke yake.

Ndiyo maana naheshimu sana walichokifanya wanawake wa Gatunga, kule Tharaka, mwaka 1996. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, likisaidiwa na shirika la PATH, lilianzisha Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa kwa muda mfupi, wakafundishwa hedhi, uzazi na heshima, kisha wakatoka kwa nyimbo na zawadi bila kukatwa. Wanawake wenyewe ndio waliolibeba jambo hilo, na familia zikashawishiana nyumba kwa nyumba.

Mama mtu mzima hajatengenezewa kitu cha namna hiyo, na matatizo yake hayamalizwi na pakiti ya sodo. Juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, mito haikauki. Ukishuka Kiritiri au Ishiara, kule Mbeere, mtungi wa lita 20 unagawanywa kati ya kupika, kunywa, mbuzi na watoto. Kitambaa cha hedhi kinachofuliwa na kutumika tena kinahitaji maji, sabuni na jua kali. Maji yakikosekana kinasuguliwa nusu nusu, kisha kinafichwa chini ya godoro au nyuma ya shuka ili mume na wakwe wasikione. Hakikauki vizuri, kinaleta muwasho na harufu, na mama anaona aibu maradufu. Tunawaambia wanawake waanike juani bila kuwaambia wanaume wasigeuze uso wakiona kitambaa kwenye kamba. Na bonasi ya chai, au pesa za miraa kule Igembe, zikiingia mikononi mwa mume peke yake, sodo hushindana na chumvi na mafuta ya taa, na chumvi hushinda.

Tangu 2023 tuna wahudumu wa afya wa kijamii wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba, wakipima presha na sukari. Naomba waongeze swali moja: damu yako ya mwezi ikoje? Vyama vya akina mama vya makanisani, Woman's Guild, Mothers' Union na vikundi vya Wamethodisti wa Meru, vina mikutano tayari na wanachama wake wanaaminiana. Wamwalike muuguzi wa zahanati kabla ya pesa za merigoraundi, za kupeana kwa zamu, kuhesabiwa. Wamuulize pia juu ya damu inayorudi mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu hiyo haivumiliwi hata kidogo: huenda ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka, au saratani ya mfuko wa uzazi wenyewe. Jirani yangu alikutwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, akatibiwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Odowa hatafuni tena, na ndiye aliyeomba muuguzi arudi chamani, safari hii na waume waje.