Bunduki Ina Namba, Mpagazi Je?

Chukua Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza, ile ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwenye pete ya chuma iliyo shingoni mwa kitako, upande wa kulia, utakuta chapa: taji, herufi G.R. za Mfalme George, jina la kiwanda, kwa mfano Enfield au BSA Co, kisha mwaka, tuseme 1916. Namba yake imepigwa kwenye mtutu, ikarudiwa kwenye bolti. Namba hizo zisipolingana, fundi anajua kuna mkono umepita hapo. Na kuna mshale mdogo wa mistari mitatu, maana yake mali ya serikali.

Yaani kipande cha chuma na mbao kina maelezo mengi kuliko waliyonayo babu zetu wengi.

Bunduki za Waingereza zilipoletwa kupigana na Wajerumani Afrika Mashariki, barabara hazikuwepo na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Basi risasi na vyakula vikabebwa na watu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo tunalo hadi leo: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Je, kosa ni kwamba mpagazi hakupigwa namba kama bunduki? Hapana. Mtumwa naye aliandikwa kwenye daftari la bwana wake. Kuhesabiwa si kuheshimiwa.

Lakini hebu tuitazame tena ile chapa. Bunduki ikipotea, askari aliyekabidhiwa ataulizwa, na mkubwa wake ataulizwa. Chapa humtafuta mtu wa kujibu. Mpagazi alipoanguka njiani, nani aliulizwa? Sanamu ya Nairobi, pale Kenyatta Avenue, ina maandishi yanayosema watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Majina yenyewe hayapo.

Jeshi lilipoiuza bunduki, lilipiga mshale wa pili, ncha ikitazamana na ncha: hii si yetu tena. Kwa chuma inatosha. Kwa binadamu uliyemtuma, mshale wa pili haupo. Kufa hakumwondoi kwenye dhamana yako, wala miaka 100 kupita.

Na sisi je? Kama ukoo wenu bado unalitaja jina la babu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita asirudi, liandike kabla aliyekusimulia hajaondoka. Serikali iliyomtuma bado inadaiwa jibu, ila jina la kuulizia tunalo sisi.