Mwandishi Alaye Mkate wa Mwingine

Siku hizi katika nchi nyingi wako watoao posho kwa vijana waanzao kuandika, si kwa kutunga hadithi, bali kwa kuchunguza jinsi nchi inavyozitunza sanaa zake: ngoma, nyimbo, uchongaji, michoro na michezo ya kuigiza. Kijana hupewa fedha za miezi kadhaa ili aache kazi nyingine, asome, aulize watu, kisha aandike ni sanaa zipi zinazosaidiwa, zipi zimesahauliwa, na kama fedha za watu zagawanywa kwa haki. Jambo hili ni jema, maana mwenye njaa hawezi kukaa na kitabu. Walakini lazaa swali lipasalo kufikiriwa na kila mtu, hata asiyeshika kalamu: Je, amlishaye mwandishi amenunua na maneno yake?

Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa mwenye kuagiza mlango kwa seremala ndiye achaguaye nakshi. Na wako wasemao kwamba mwandishi wa kweli asipokee hata senti ya mtu, ale jasho lake tu. Mimi nadhani kila upande umeshika nusu ya neno. Na tutazame mambo yaliyotukia Marekani, maana huko njia tatu za kumlisha mwandishi zilijaribiwa, na mtu mmoja alipita katika zote tatu.

Mtu huyo ni Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Alabama, akalelewa Eatonville katika Florida, mji uliotawaliwa na watu weusi wenyewe. Kazi aliyoipenda ni kukusanya hadithi, nyimbo na desturi za watu wake. Desemba 1927 bibi mmoja tajiri wa New York, Charlotte Osgood Mason, alifanya naye mapatano ya maandishi: atampa dola 200 kila mwezi, na motokaa, na kamera ya sinema. Lakini yote atakayoyakusanya yatakuwa mali ya bibi yule, wala Hurston hatakuwa na ruhusa ya kuyatangaza pasipo idhini yake. Tazama basi: hadithi zilizohifadhiwa vinywani mwa watumwa na wajukuu wao zilipata mwenyewe mpya, asiyezizaa wala kuzilea. Posho ilikuwa nene, ila kamba ilikuwa fupi.

Njia ya pili ni ya mfuko wa Guggenheim, ulioanzishwa mwaka 1925 na Simon Guggenheim na mkewe kwa ukumbusho wa mwana wao aliyefariki mwaka 1922. Achaguliwaye hupewa fedha na nafasi ya kufanya kazi yake, na matunda ya kazi huwa yake mwenyewe. Hurston alichaguliwa mwaka 1936, akasafiri Jamaika na Haiti ili kuchunguza desturi za dini na uganga. Alipokuwa Haiti akaandika kwa majuma saba riwaya yake Their Eyes Were Watching God, iliyotoka mwaka 1937. Mwandishi ni yuleyule na mkate ni uleule. Kilichobadilika ni masharti yake.

Njia ya tatu ni ya serikali. Mwaka 1935, wakati watu wengi walipokosa kazi, serikali ya Marekani ilianzisha Federal Writers' Project, ikaajiri waandishi kwa maelfu ili waandike habari za majimbo yote. Humo walifanya kazi Richard Wright na Ralph Ellison kabla ya kuwa mashuhuri, na Hurston naye aliingia mwaka 1938. Kati ya mwaka 1936 na 1938 yalikusanywa masimulizi zaidi ya 2,300 ya wazee waliokuwa watumwa. Walakini wazee wale walikuwa maskini sana, na wengi wao waliulizwa na watu weupe. Baadhi walidhani mwulizaji ametumwa na serikali kuwaletea msaada wa uzeeni, na kwa hiyo walilainisha maneno. Hakuna aliyewaamuru, hofu ya kukosa mkate ilitosha kuupinda ulimi. Na kazi yenyewe haikuwa salama: mwaka 1938 kamati ya bunge iliishitaki kwamba imeingiliwa na ukomunisti, na mwaka 1939 fedha za serikali kuu zikakatwa, ikaachiwa majimbo hata ilipokwisha mwaka 1943.

Sasa turudi kwa yule seremala. Ni kweli, mwenye kuagiza mlango ana haki ya kuchagua nakshi. Lakini mwenye kumwita mtu apime shamba hana haki ya kuchagua hesabu. Mwandishi achunguzaye mambo ya sanaa ni mpimaji, wala si mchongaji. Tena mzigo wake ni mzito kuliko wa Hurston, maana mara nyingi apima mfuko uleule unaomlisha, kama mzee aitwaye kuamua shauri la mpaka naye amekwisha kula nyumbani kwa mmoja wa wenye shauri. Moyoni mwake methali yamnong'oneza: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwakani atataka posho nyingine. Basi akinyamaza, aumiaye si yeye, bali mpiga ngoma wa kijijini ambaye jina lake halikuandikwa katika orodha, wala hajui kwamba orodha ipo.

Je, posho ikataliwe? La, tukiikataa, watakaoandika ni wana wa matajiri peke yao, nao watapima shamba kwa macho ya kwao. Bali masharti na yasemwe wazi kabla ya fedha kupokewa. Maandishi na yawe mali ya aliyeyaandika. Wachaguao waandishi wasiwe walewale ambao hesabu zao zitachunguzwa. Na mwandishi aandike katika ukurasa wa kwanza ni nani aliyemlisha, ili msomaji apate kupima maneno yake.

Kuhusu shukrani, mwandishi anazo deni, wala asizikatae. Lakini kushukuru si kusifu. Aliyepewa muda wa kutafuta kweli hulipa deni lake kwa kuileta kweli aliyoiona, hata ikiwa chungu kinywani mwa mtoaji. Na mtoaji aliyetaka sifa tu angaliweza kumwajiri mpiga zumari, asimsumbue mpimaji.

Nanyi wasomaji, mkiletewa maandishi ya namna hii, ulizeni mambo mawili: nani alitoa fedha, na je, lipo neno hata moja humo lisilompendeza?